Aya Haikatwi Katikati

Jicho la kijana waliyemwita Rangi liliharibika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, gerejini, mbele ya watu saba, na hakuna hata mmoja wa hao saba aliyekubali baadaye kwamba alikuwa anaangalia. Mmoja alikuwa chini ya gari. Mmoja alikuwa anakoroga rangi. Mmoja, eti, alikuwa anapiga chafya. Haya, tuseme yote ni kweli, na chafya ilikuwa ndefu.

Kilicholiharibu ni ukanda wa bati, ule unaobandikwa ubavuni mwa mlango wa gari kuurembesha. Aliyeushika alikuwa mnyoosha bodi, kijana mwenye mikono mirefu waliyemzoea kwa jina la Spana. Yeye hunyoosha, Rangi hupaka. Wamekuwa wakifanya kazi bega kwa bega tangu wote wawili hawajaota ndevu. Asubuhi hiyo walibishana. Ukanda ukapaa, ncha ikaingia. Rangi hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, mithili ya mtu anayepapasa kiti gizani, akafunika uso kwa kiganja, na kilichopita katikati ya vidole hakikuwa damu peke yake.

Baba yake, Fundi, huchomelea mageti katika kibanda cha mabati mtaa wa pili. Alifika hospitali miwani myeusi ya kazi ikiwa bado kwenye paji la uso. Miaka ishirini na tisa amelinda macho yake asipofuliwe na moto, na sasa anaambiwa na daktari kijana, mpole, aliyechoka, kwamba jicho la kulia la mwanawe limetolewa lote ili kuokoa la pili.

"Liko wapi?" Fundi akauliza.

"Nini, mzee?"

"Jicho la mwanangu. Mmeliweka wapi?"

Daktari akasema vitu vya namna hiyo vina utaratibu wake wa kutupwa. Hakumaliza sentensi. Fundi alimkamata kola akambana ukutani, na kichwa cha daktari kikagonga ubao wa matangazo mpaka makaratasi yakaanguka. Walinzi wawili wakaja, wakamkunja mikono mgongoni, wakampitisha mbele ya foleni ya kina mama wenye watoto wachanga, na mmoja akamwambia aone haya, mtu mzima na mvi zake.

Kituo cha polisi hakikuwa bora. Askari aliandika jicho la kushoto. Fundi akamwambia ni la kulia. Askari akatazama karatasi yake, akasema keshaandika kwa wino, na jicho ni jicho. Fundi akarudi nyumbani kwa miguu akilirudia neno hilo njia nzima. Spana alilala ndani siku mbili, kisha akatolewa, kwa sababu mashahidi saba hawakuona kitu.

Sasa lazima nikueleze habari ya mkeka, maana bila mkeka hutaielewa nyumba hii.

Kila siku baada ya swala ya alasiri, Fundi huacha moto wake, hurudi nyumbani, na watu wanne hukaa kwenye mkeka sebuleni: yeye, mkewe, Rangi, na Binti, wa mwisho, mwenye sauti nzuri ya kusoma. Binti husoma aya moja ya Kurani, Kiarabu kisha maana yake. Moja tu. Wameanzia mwanzo na wanakwenda kwa mpangilio, na sheria za mkeka alizitoa Fundi mwenyewe. Hakuna aya ya kurukwa. Aya haikatwi katikati, hata ikiwa ndefu kama ile ya kuandikiana madeni inayojaza ukurasa mzima. Na ikishasomwa, kila mtu kwa zamu, kuanzia mdogo, aseme aya hiyo imempata wapi yeye. Si jirani yake, si kaka yake. Yeye. Anayeanza kumsema mwenzake huambiwa arudie.

Na usidhani ulikuwa mchezo. Siku ya aya inayosema neno jema ni bora kuliko sadaka inayofuatiwa na maudhi, Binti aliungama kwamba alimpa rafiki yake gauni kisha akawatangazia wasichana wa mtaa mzima. Alilia, wakamcheka, akacheka. Mambo ya namna hiyo yamewaweka pamoja kuliko nyumba nyingi ninazozijua.

Lakini tangu mwanzo mkeka ulikuwa na kasoro, na kila mtu aliikalia. Mama hukaa pembeni kabisa, watu wote wakiwa kuliani kwake, kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii. Majirani waliambiwa ni maji yaliingia wakati wa kuoga. Uongo mtupu. Ni kofi. Fundi alimpiga kofi moja, mlangoni mwa jikoni, watoto wakiangalia, kwa sababu alimjibu mbele ya mgeni. Damu ikatoka sikioni nyembamba kama uzi, na tangu siku hiyo upande huo ni kimya. Fundi hakuomba radhi. Wiki hiyo hiyo alikuja na mkeka mpya na msahafu wenye tafsiri, akatangaza utaratibu, na sasa miaka miwili inakaribia kutimia.

Tena alipata tabia moja mbaya, nami siwezi kuificha. Akiwa na jambo la aibu ambalo lazima limfikie mkewe, hulisemea upande wa kushoto, kwa sauti ya chini. Hivyo anakuwa amesema, na mama anakuwa hajasikia.

Jumanne ile ya jicho walikuwa Suratul-Maida, aya ya thelathini na sita. Fundi hakukubali mkeka usimame hata siku moja. Alhamisi ikafika aya ya mwizi kukatwa mkono, naye akatikisa kichwa kwa namna ambayo mkewe hakuipenda. Ijumaa, siku aliyosikia kwamba Spana yuko huru mtaani, ikafika aya inayofuata, ya mtu kutubia baada ya dhuluma yake na Mungu kumpokea. Zamu yake ilipofika Fundi akasema kwamba yeye imempata ile ya jana.

Usiku huo hakulala, lakini si usiku ulioleta balaa. Balaa lilikuja asubuhi, mwangani, alipoufungua msahafu peke yake akaenda mbele ya uzi wa alama. Aya ya arobaini na tano. Mtu kwa mtu, jicho kwa jicho. Akahesabu kwa vidole: Jumamosi, Jumapili, mpaka Alhamisi. Akaona kama ameitwa kwa jina.

Alikwenda kumuuliza imamu, ili asiseme hakuuliza. Imamu akamwambia kisasi cha jicho kimo, lakini kina kadhi wake, kina ushahidi wake, kina mwenyewe aliyeumizwa, na kina mlango mpana wa kusamehe uliowekwa hapo hapo ndani ya aya. Fundi alikuwa ameshasikia alichokifuata. Kwenye neno "kimo" alishasimama anatafuta viatu, na imamu akamalizia maelezo yake akiongea na mgongo.

Kisha akaenda kwa mdogo wake, Baba Mdogo wa watoto, muuza nyama, mtu wa kilo mia na zaidi aliyezoea kumlaza fahali peke yake. Hakuhitaji kubembelezwa. Alisema yeye atashika.

Jumatatu Rangi aliruhusiwa kutoka hospitali. Akalala kwenye godoro la sebuleni, bendeji imemzunguka nusu ya kichwa, anaangalia ukuta. Kila alipojaribu kunywa maji aliikosa glasi, mkono ukashika hewa, na mama akageukia jikoni ili asionekane uso. Mara mbili kijana alimwambia baba yake waachane na habari ya Spana. Fundi akamgusa shingo, akasema ana homa.

Jumatano mama alipeleka chai kibandani. Akamkuta mumewe anainoa bisibisi nyembamba kwenye mashine ya kusagia chuma, cheche zinaruka, ncha imekuwa sindano. Akamuuliza ni ya kazi gani. Fundi akasogea kushoto kwake, akasema kitu, midomo ikacheza, akarudi kwenye mashine. Mama alisimama na birika mkononi. Angeweza kuuliza tena. Hakuuliza, na jambo hilo analijutia mpaka leo.

Spana alikuja Alhamisi saa kumi na nusu, shati limepigwa pasi, mfuko wa machungwa mkononi. Baba Mdogo ndiye aliyempigia simu: njoo tusomeane dua, mambo yaishe kindugu. Alivua viatu nje, akabisha hodi, akamwamkia Fundi, akamwamkia mama. Mama akaitikia marahaba kwa moyo mmoja. Alidhani kweli wamekuja kupatana, na moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza katika siku tisa.

Ndipo akamwona Baba Mdogo anatoka nje, anaviokota viatu vya mgeni, anaviingiza ndani na kuvificha chini ya kochi. Akafunga mlango, akasukuma komeo, akakaa chini akauegemea.

Rangi alimwona Spana akageuza uso ukutani. Fundi akamshika mwanawe kwapa, akamkalisha kwenye mkeka kama mgonjwa anayelishwa, akamwonyesha Spana naye akae. Binti akafungua msahafu penye uzi.

"Utasoma Kiarabu, halafu maana," baba yake akasema. "Nikisema basi, ni basi."

"Aya haikatwi katikati, baba."

"Leo inakatwa."

Binti akasoma. Spana alikwenda madrasa utotoni kama wote. Kabla ya maana kufika alishaijua aya ni ipi, akamtazama Fundi, akatazama mlango, akaviona viatu vyake chini ya kochi. Akainuka. Baba Mdogo alimwangukia kwa uzito wake wote kabla hajasimama sawasawa.

Chumba kidogo, watu sita, na mapigano hayana adabu. Machungwa yalisambaa. Spana alimpiga Baba Mdogo kichwa cha pua, mfupa ukasikika, damu ikawarukia wote wawili, lakini mikono iliyozoea fahali haikulegea. Ilimshika kisogo ikakigongesha sakafuni, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya pili miguu ya kijana ikaacha kurusha. Fundi akamkalia kifuani. Akambana mkono mmoja kwa goti. Akachomoa bisibisi kwenye soksi.

"Tafsiri," akasema, bila kumgeukia binti yake.

Sauti ya Binti ilitoka nyembamba, kwamba Mwenyezi Mungu aliwaandikia: mtu kwa mtu, na jicho kwa jicho.

"Basi."

Ncha ilikuwa chini ya nyusi ya kulia ya Spana. Ilipogusa, ngozi ikaachia, damu ikateremkia kwenye kope na kijana akawa anapepesa ndani yake. Hakuomba. Alisema tu, kwa pumzi iliyobanwa, kwamba mama yake hajui yuko wapi. Fundi akamwambia hata mama wa huyu pale hakujua. Akabadilisha mshiko, kama anavyofanya kwenye chuma anapotafuta pa kuanzia.

"Na pua kwa pua," Binti akasoma.

"Nimesema basi."

"Na sikio kwa sikio."

Fundi akaruka kutoka kifuani mwa mtu yule. Hatua mbili akawa juu ya binti yake, bisibisi mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umepanda juu, kiganja wazi. Mkono ule ule, kimo kile kile cha siku ya mlango wa jikoni. Binti alifumba macho, msahafu ameukumbatia.

Mama aliingia katikati. Hakumshika mumewe wala hakupiga ukelele. Alisimama tu, akageuza kichwa, akampa shavu la kulia.

"Piga hili," akasema. "Hili bado linasikia."

Mkono ukabaki juu. Ungeweza kuhesabu mpaka ishirini. Halafu mama akaichukua bisibisi kutoka kwenye mkono wa pili, vile anavyonyang'anywa mtoto kisu, akakaa mahali pake pembeni ya mkeka, akaiweka chini ya paja.

"Aya haijaisha. Soma, mwanangu."

Binti akasoma mpaka mwisho, analia na anasoma: na jino kwa jino, na majeraha yana kisasi, na atakayeiacha haki yake kwa kusamehe, hiyo itakuwa kafara kwake, na wasiohukumu kwa aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu, hao ndio madhalimu.

"Haya, zamu," mama akasema.

"Leo hakuna zamu," Fundi akasema. Alikuwa bado amesimama.

"Zamu uliiweka wewe, baba watoto. Kaa."

Akakaa. Sijui kwa nini alikaa, na nadhani hata yeye hajui. Labda miguu ilizoea.

Binti alianza, kama desturi. Akasema na yeye alihesabu siku. Alijua tangu Jumamosi kwamba Alhamisi ni aya hiyo, na alijua baba yake ataifanyia nini, akanyamaza. "Kwa sababu na mimi nilitaka," akasema. "Nilitaka mpaka nilipoiona damu." Akafuta pua kwa ncha ya mtandio.

Kisha Rangi. Baba Mdogo alikuwa bado amemkandamiza Spana sakafuni, na wote wawili walikuwa wanahema kama waliobeba mizigo.

"Mimi ndiye niliyempiga kwanza," Rangi akasema.

Fundi akainua kichwa.

Rangi akaeleza akiangalia machungwa. Mteja alikuja kuchukua gari lake, akauliza kwa nini rangi ya mlango imechuruzika, na Spana akasema kweli, kwamba Rangi aliharakisha. Mbele ya mteja. Rangi akamgeukia akampiga kofi. "Hapa," akasema, akaligusa sikio lake mwenyewe. "Kwa nguvu zote. Sikufikiri, baba. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unaijua njia. Na yeye akanirudishia na kilichokuwa mkononi mwake."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ulimuuliza daktari jicho liko wapi. Ulimuuliza askari. Mimi hukuniuliza kitu."

Rangi akaendelea. Hajui kama atamsamehe Spana. Kila asubuhi akiamka na kugonga fremu ya mlango anataka kumuua, anamuua kabisa kichwani, kisha anakumbuka kofi. "Lakini jicho ni langu. La kudai ni langu na la kusamehe ni langu. Limeshatoka, baba. Usinichukulie na hilo lililobaki."

Baba Mdogo alilegeza mikono bila kuambiwa. Spana akakaa, akajikokota mpaka ukutani, jicho moja limejaa damu. Mama akamwambia ni zamu yake, mgeni au si mgeni, amekalia mkeka.

"Jicho sikulikusudia," Spana akasema. "Kumpiga nilikusudia. Nilitaka aumie." Akavuta magoti kifuani. "Wangeniuliza polisi ningesema kofi. Hawakuniuliza, na mimi nikaona nikisema nitaonekana najitetea."

Rangi alimtazama kwa jicho lake moja. Safari hii hakugeukia ukuta.

Ikafika kwa Baba Mdogo. Alikuwa ameziba pua kwa upindo wa shati, na shati lote limeharibika kuliko lile la kazini. "Mimi imenipata puani," akasema. Hakuna aliyecheka. Na yeye hakuwa anafanya mzaha. Aliinuka kwa shida, akavitoa viatu chini ya kochi, akaviweka mbele ya Spana vikiwa vimeelekea mlangoni, akavuta komeo. Hewa ya nje ikaingia, na kelele za watoto wa jirani wanacheza mpira.

Spana hakutoka. Alivishika viatu vyake mapajani akakaa.

Zamu ya mama. Alipangusa mkeka kwa kiganja, mahali palipokuwa na tone la damu, akalisambaza tu.

"Mimi nimefika kwenye sikio," akasema. "Nimekwama hapo. Sikuweza kupita."

Fundi alikuwa kuliani kwake, magoti yamekaribiana na yake. Aliangalia chini.

"Siku zote nimesema ni maji. Nimewaambia majirani, nimemwambia dada yangu, nimemwambia mama yangu mpaka anakufa. Maji. Wewe ukaleta mkeka, na mimi nikaukalia, nikasema sawa, mtu huyu ana aibu, maneno hayamtoki, lakini anatafuta njia. Nikangoja. Kila siku nilingoja aya itakayokufikisha kwangu. Siku ya aya ya waume na wake nilivaa kanga mpya, unajua? Nilidhani ndiyo leo. Ulisema kuna chuma kinakungoja kibandani, ukaondoka kabla ya zamu yako."

Alisema yote hayo bila kupandisha sauti. Binti alikuwa ameacha kulia ili asikose neno.

"Leo umehesabu siku za jicho la mwanao. Umezihesabu kwa vidole, nimekuona. Sawa, una uchungu, na mimi nina uchungu, nimemzaa mimi. Lakini aya ni moja, baba watoto. Jicho limo na sikio limo. Hukuweza kusubiri lipite hata neno moja la pili, kwa sababu ulijua ni neno gani linafuata. Basi kama ni kisasi, na bisibisi hii hapa, mimi nimeanza kudai kabla yenu wote."

Akaitoa bisibisi chini ya paja, akaiweka mkekani, ncha imemwelekea mumewe. Kwa mara ya kwanza alasiri ile Baba Mdogo aliogopa. Aliniambia mwenyewe baadaye: alimwamini kaka yake kwamba hatafanya zaidi ya jicho, lakini uso wa shemeji yake hakuujua.

"Na kama ni kusamehe," mama akasema, "aya inasema ni kafara ya anayesamehe. Naitaka. Nina dhambi zangu kama watu. Lakini mimi nisamehe nini, na sijaombwa?"

Spana alikuwa amesahau viatu mapajani, damu yake imeshaanza kukauka kwenye kope. Nje mpira uligonga ukuta, mtu akashangilia.

"Zamu yako," akamwambia mumewe. "Useme imekupata wapi."

Fundi alijaribu. Akaanza kwamba aya hii ni nzito, na kwamba maulamaa, na Binti akamwambia, kwa adabu kabisa, "Rudia, baba." Akaanza tena kwamba kijana huyu, na Rangi akasema, "Rudia." Jasho lilikuwa linamtoka kwenye mvi. Mtu aliyembana daktari ukutani, aliyekaa kifuani mwa mtoto wa mwenzake na chuma mkononi, hakuwa na pa kushika.

Akainuka. Wote walidhani anatoka, na mlango ulikuwa wazi. Badala yake alizunguka nyuma ya mkewe, akapiga magoti pembeni ya mkeka, sakafuni, mahali ambapo hakuna mtu aliyekaa kwa karibu miaka miwili. Akainamisha kichwa mpaka karibu na mtandio wake. Akasema. Alisema maneno mengi, mabega yanamtikisika, na Binti aliyekuwa upande wa pili aliona midomo ya baba yake inaungana na kuachana kwenye neno lile lililongojewa, mara mbili, mara tatu.

Mama alikuwa anaangalia mbele. Alingoja mpaka pumzi ya kushotoni kwake iliposimama.

"Sijasikia," akasema. "Zunguka huku, useme tena."